SANDUKU LA NDOANA LIPANGWE UPYA, NA KOSA LILIKUWA LANGU

Ndugu wanaushirika,

Maneno yamekuwa mengi pwani juu ya zile ndoana ndogo zilizoletwa kutoka mjini. Kijana tuliyemtuma kaambiwa kala chenji. Mtunza stoo naye katajwa. Basi naandika hapa ukutani kila mtu asome, na asiyesoma asomewe: aliyekosea ni mimi Katibu. Tulikubaliana ndoana 6/0 za kuvulia chewa. Mie kwenye karatasi nikaandika 6. Duka likatoa kilichoandikwa.

Mtauliza, sita na sita zina tofauti gani? Ndugu zangu, namba za ndoana zinakwenda kinyumenyume. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na 6 ni ndogo kuliko namba 1. Ukishapita 1 unaanza kuona mkwaju na sifuri: 1/0, 2/0, 3/0. Hapo hesabu inageuka, namba ikipanda na ndoana inakua. Kwa hiyo 6 ni ya visamaki vya mwambani, 6/0 ni ya chewa na kolekole. Mie niliyesoma kisomo ukubwani nikajiona nimefika, nilidhani ile sifuri ni pambo tu!

Wazee wanasema ndoana haisomwi, inashikwa. Kweli, mkono wa mvuvi haudanganyiki. Lakini mkono uko hapa kijijini na duka liko mjini, na kinachokwenda mjini ni karatasi.

Kwa maoni yangu sanduku la ushirika tulipange kabla kaskazi haijaanza. Kila chumba kiwe na ndoana za namba moja, na kadi yenye namba hiyo, na ndoana moja ishonewe kwa uzi kwenye kadi. Hiyo ya kushonewa naitaka sana, maana viwanda havilingani sawasawa. 6/0 ya huyu yaweza kupishana na ya yule. Anayetumwa abebe kadi. Na kadi waandike wanakisomo, si mimi.

Chambo bandia ndiyo fujo kubwa mle ndani. Vya manyoya, vya kurambazia jodari na nguru, vikae peke yake. Vijiko vya kumetameta peke yake. Vile vya umbo la samaki vina ulimi mbele ya mdomo: ulimi mrefu hukizamisha chini, mfupi hukiacha kikimbie karibu na juu, basi tuvitenge kwa ulimi wala si kwa rangi. Cha ngisi mtakijua kwa taji lake la miiba iliyonyooka kuelekea juu. Na vile laini kama mpira msivilaze pamoja na vya plastiki ngumu, vinayeyuka na kunata. Mna viwili vimegandana mpaka leo, hakuna aliyeweza kuvibandua.

Jambo jingine, mtu akirudisha ndoana aioshe kwa maji ya kisima na kuikausha. Yenye chumvi na maji inazipa kutu jirani zake zote, na kutu hiyo tunailipia sote.

Hizo namba 6 duka limekataa kuzipokea. Wavuvi wa mwambani watauziwa, na hasara itakayobaki nitaijaza mimi kidogokidogo kwenye samaki wangu. Kijana yule nimeshamfuata kwao, nimemwomba radhi mbele ya mama yake. Waliomsema pwani wanajijua, na kwao wanakujua.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri sanduku litamwagwa juu ya jamvi penye ofisi ya ushirika. Wenye miwani waje nayo.

Katibu wa Tawi