Mkate bila chachu hauko dawa ya kuuza

Siku hizi kuna wahubiri wanaouza mafuta ya baraka, maji ya baraka, hata mkate wa baraka. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni moja: «Ni desturi ya Wayahudi.» Basi, tuangalie desturi yenyewe. Anayekopa kitu cha mwenzake, shurti akijue.

Wayahudi wanauita mkate huo matzah. Wanaula kwa Pasaka, toka jioni inayoingiza tarehe 15 ya mwezi wa Nisan. Ni unga na maji tu. Toka maji yanapogusa unga, minuti 18 zisipite mbele ya kuuingiza motoni. Zikipita, wanahesabu kwamba umechacha. Tena shurti uwe unga wa ngano ao wa jamaa zake, kama shayiri. Wa mahindi na wa muhogo haufai.

Sasa baraka. Juu ya mkate huo wanasema mbili. Ya kwanza inamsifu Mungu anayetoa mkate katika udongo. Ya pili inamsifu juu ya amri aliyowapa ya kula matzah. Muangalie vizuri, ndugu wasomaji: anayesifiwa ni Mungu, hapana mkate. Hakuna neno hata moja la kuomba bwana, visa ao pesa. Mkate unabaki mkate.

Kiisha, ni mkate wa umaskini, ukumbusho wa watumwa waliotoka Misri mbio, bila nafasi ya kungoja chachu. Mezani wanaweka mikate mitatu. Ule wa katikati unavunjwa, nusu inafichwa, watoto wanaitafuta. Mtoto mdogo ndiye anauliza: usiku huu uko tofauti na nyingine namna gani? Na wakubwa wanapashwa kumjibu. Kwa wahubiri wetu, anayeuliza anaitwa mwenye pepo!

Mwenye njaa naye anaalikwa mezani. Zaidi ya hiyo, mbele ya sikukuu kuna mchango wa tangu zamani, «pesa za ngano»: aliye nazo anatoa, ili maskini apate matzah. Kwao pesa inatoka kwa tajiri kwenda kwa maskini. Kwetu mama anayeuza makala anatoa franka zake za mwisho, mhubiri anaziweka mfukoni. Ni nani basi amefuata Wayahudi?

Watajibu: «Yesu alikula mkate huo.» Ndiyo, aliumega, akawagawia wenzake. Hakuuuza.

Tena Wayahudi hawako watu wa hadithi tu. Sinagogi ya Lubumbashi inasimama toka zamani za Elisabethville. Wengi wa waliosali mule walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi Moïse Levy alifika kuwaongoza mwaka 1937. Desturi yao ina wenyewe.

Kwa hiyo, anayependa matzah aichukue pamoja na mambo yake yote: mtoto aulize, mwenye njaa ale, maskini asilipe. Kama hataki hayo, auze mkate wake sawa muuza mkate yeyote, kwa bei ya soko, na jina la Wayahudi aliache.