Fundi wa Kwanza ni Mwenye Baiskeli

Ndugu msomaji, baiskeli yako haijambo? Usicheke. Ukiulizwa habari za mbuzi wako wajua yote: huyu ana mimba, yule akohoa. Lakini baiskeli iliyobeba kahawa na ndizi zako mwaka mzima, mara nyingi huiulizi kitu mpaka siku inapogoma njiani, mbali na kwa fundi, wingu limetanda na mgonjwa yuko nyuma juu ya keria.

Tangu mwaka 2012 Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili, bali vilima ni vile vile. Kweli pikipiki zimejaa kila njia panda, toka Omurushaka hadi Murongo. Lakini pikipiki hudai petroli kila siku, na baiskeli yadai mafuta kidogo tu na mkono wa mwenyewe. Mkono huo ndio nitakao tuuzungumze juma hili.

Tuanze na breki, kwa kuwa pancha hukuchelewesha, bali breki mbovu huua. Mtu amefunga mikungu mitatu nyuma, ateremka kilima chenye changarawe, avuta breki, kumbe raba zimekwisha, ni chuma kitupu kinachosugua rimu. Basi kabla ya kufunga mzigo, zitazame raba zote nne, mbili mbele na mbili nyuma. Kisha isukume baiskeli kwa mkono huku ukibana breki ya mbele: yafaa gurudumu la nyuma liinuke kidogo. Bana ya nyuma: gurudumu liburutike, lisizunguke. Likizunguka, usipakie kitu wala mtu. Tena wakati wa mvua rimu ya chuma ikilowa haishiki upesi. Anza kubana kidogo kidogo ungali juu ya kilima, ili raba ifute maji kwanza.

Sasa pancha. Vijana wengi hupaka solusheni na kubandika kiraka papo hapo, halafu walaumu duka. Duka halina kosa. Sugua kwanza mahali pa tundu kwa msasa mpaka pakwaruze, futa vumbi, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja. Ngoja mpaka ising'ae tena, kwani kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi huteleza tu. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi, maana mwiba uliotoboa mara nyingi bado umekaa pale pale ukingoja tyubu irudi.

Pengine watumbukiza tyubu katika beseni la maji wala huoni mapovu. Usikate tamaa, paka mate mdomoni pa valvu. Pakitoa povu, kilichochakaa ni kijipira kile chembamba kilichovishwa valvu. Ni kitu cha bei ndogo mno, afadhali kuweka cha akiba mfukoni.

Cheni wengi huimiminia oili juu ya vumbi letu jekundu. Oili na vumbi vikichanganyika huwa kama msasa, na meno yaliwa. Ifute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, tia oili kidogo, zungusha pedali, kisha futa iliyozidi. Na ukitaka kujua kama cheni imezeeka, azima rula ya shule ya mwanao, ile yenye inchi 12. Katika cheni mpya, pingili 24 zatimia inchi 12 kamili, toka pini hadi pini. Zikipita kwa zaidi ya sehemu moja ya nane ya inchi, inunue nyingine, la sivyo hiyo kuukuu itakula friwili nayo, ukagharimike mara mbili.

Jambo dogo juu ya pedali. Ile ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda, kinyume cha nati za kawaida. Asiyejua hukaza badala ya kufungua, kisha humwita jirani mwenye nguvu, nao wawili huiharibu vizuri zaidi.

Sisemi tumnyime fundi ndizi zake. Gurudumu lililopinda, spoki zilizokatika na gololi za katikati mpelekee yeye. Ana spana zake na jicho lililozoea.

Wala mama na mabinti wasiwekwe kando. Binti aendaye sekondari kwa baiskeli hupata pancha kama kaka yake, naye akiwa peke yake njiani jioni, hatari yake ni kubwa zaidi. Jumamosi hii ipindue baiskeli uani, waite watoto wote. Twaa tyubu kuukuu, itoboe kwa makusudi, umpe mmoja msasa na mwingine beseni la maji, kisha kaa pembeni. Waizibe wenyewe.