Chipu haiumwi, anayeumwa ni mtu

Nina madesa ya tesiti ya Jumatatu hapa pembeni yananisubiri, lakini hili limenikaa rohoni, acha nilitoe.

Juzi pale kafeteria jamaa wa maabara walikuwa wanazisifia chipu za kupimia mzio, maikroarei. Eti zikifika hospitali zetu zote, habari ya aleji kwisha. Mimi nasema HAPANA.

Tuwe wa haki kwanza. Kifaa chenyewe ni moto. Protini za karanga, vumbi, paka, samaki na kadhalika zinadondoshewa kwenye kibao kidogo, kila moja na kidoti chake. Unaweka seramu ya mgonjwa, kingamwili za IgE zinanasa kwenye vidoti vyake, skana inasoma. ISAC inapima molekuli 112 kwa maikrolita 30 tu. ALEX ya Vienna inakaribia vizio 300. Kwa mtoto mdogo ambaye damu kumtoa ni vita, au mtu anayevimba kwa kila kitu, hiyo ni msaada mkubwa. Sibishi.

Ninachobisha ni hiki: kuwa na IgE sio kuwa na ugonjwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watoto wa shule Ghana. Wengi walikuwa na IgE ya karanga kwenye damu, lakini walipochomwa ngozi kwa kipimo cha karanga, wachache mno ndio walioonyesha kitu. Kwa nini? Sehemu kubwa ya IgE ile ilikuwa inashika sukari zilizo kwenye protini, na ilihusiana na kichocho! Sasa fikiria sisi wa Kanda ya Ziwa, tuliokulia kwenye kichocho na minyoo. Ukituwekea kipimo cha vizio 300 bila kutuuliza chochote, unategemea nini?

Utasema chipu inaweza kutenganisha. Kweli, inapima Ara h 2, protini ya karanga yenye hatari hasa, na ina njia za kuzibaini hizo sukari. Lakini nani atasoma hayo? Jirani yangu bwenini alipimwa damu kwenye maabara moja, akapewa karatasi ya vyakula na alama za kujumlisha, basi. Hakuna aliyemuuliza akila anapatwa na nini. Karanga amekula tangu utoto bila hata kuwashwa. Leo ameacha karanga, samaki na maharage, boom lenyewe mnalijua, anashindia ugali na mchicha. Kama karatasi ya vyakula ishirini imemfanya hivi, ya 300 itamfanyaje?

Na wale wanaosema tutaitumia kufuatilia mgonjwa kila baada ya miezi, taratibu jamani. Namba za ISAC ni za makadirio, sio kipimo kamili cha kiasi. Tena mgonjwa akiwa kwenye matibabu ya sindano za kumzoesha kizio, mwili unatengeneza IgG nyingi, nazo zinagombania vidoti vilevile na IgE. Namba ikishuka kidogo, usikimbilie kushangilia.

Mimi nataka tuanze na vya bei nafuu. Daktari akae na mgonjwa amuulize: ulikula nini, baada ya dakika ngapi, ulivimba wapi? Kisha kipimo cha ngozi, tone na kijisindano, dakika 15 hadi 20 una jibu. Na adrenalini iwepo zahanati, maana anayebanwa koo usiku haokolewi na skana. Baada ya hapo, kwa wale wachache ambao jibu bado halieleweki, ndio chipu iitwe.

Tukianza na chipu kabla ya maswali, tutakuwa na karatasi nzuri sana za rangi na watu wenye njaa.

Nawasilisha. Wa maabara mnaobisha, njooni na hoja, sio na bei ya mashine.