Unga usiomfaa mtu haumfai hata mbwa

Kuoka biskuti za mbwa nyumbani ni jambo ambalo miaka michache iliyopita lingechekesha katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mbwa wa ukanda huu amezoea ukoko wa ugali, mifupa ya bucha na pumba iliyochemshwa pamoja na dagaa. Leo, Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, wapo wenye mbwa wanaokanda unga, wanakata vipande vidogo na kuviweka kwenye oveni, wakiamini kuwa wanachooka ni salama kuliko kilichomo kwenye pakiti ya dukani.

Nia hiyo ni njema na haistahili kebehi. Mwenye kuoka anajua alichotia, anaokoa fedha ambazo zingenunua bidhaa iliyosafiri kutoka ng'ambo, na mbwa wake anafurahi. Tatizo ni kwamba kuoka nyumbani peke yake hakumpi mbwa afya. Afya ya biskuti inaanzia kwenye unga, na unga wa ukanda huu una kasoro ambayo oveni haiwezi kuiondoa. Kasoro hiyo ni ya kila nyumba, hata isiyofuga mbwa, kwa sababu unga ni uleule.

Kwanza, biskuti yenyewe. Haihitaji kitu cha kigeni. Vikombe viwili vya unga wa mahindi au wa ngano, kikombe kimoja cha viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa, yai moja na nusu kikombe cha dagaa waliokaushwa na kusagwa vinatosha. Dagaa wenye chumvi waloweshwe na kuoshwa kwanza. Mchanganyiko unakandwa kwa maji kidogo hadi ushikane, unasukumwa kama chapati nene, unakatwa, kisha unaokwa kwa joto la nyuzi 180 kwa takriban nusu saa. Asiye na oveni atatumia sufuria yenye makaa juu na chini, kama wanavyooka mkate wa kumimina watu wa Pwani. Biskuti ziachwe zikauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa, maana unyevu unaobaki ndani huleta ukungu.

Hakuna mpaka unaozuia mapishi haya. Samaki anayeitwa dagaa Mwanza anaitwa omena Kisumu na mukene Entebbe, na Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, wana ndagala wao. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vimeenezwa katika nchi nyingi za ukanda huu kwa kazi ya watafiti ambao mmoja wao, Robert Mwanga wa Uganda, alikuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Hata jina la mnyama mwenyewe halibadiliki sana: ni mbwa kwa Kiswahili, embwa kwa Kiganda na imbwa kwa Kinyarwanda na Kirundi.

Yapo ya kuepuka. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu mbichi na zabibu kavu ni sumu kwake. Makadamia, zao linalowapatia kipato wakulima wa Murang'a, Embu na Meru, humlegeza miguu na kumtapisha. Sukari mbadala iitwayo zailitoli, inayotiwa katika baadhi ya peremende na siagi za karanga zinazoandikwa kuwa hazina sukari, inaweza kumuua kwa kipimo kidogo. Maini ni mazuri, ila kwa kiasi, kwa kuwa vitamini A ikizidi humdhuru. Na biskuti ibaki kuwa zawadi: madaktari wa mifugo hushauri kuwa vitu vya namna hiyo visizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mbwa kwa siku.

Haya yote mtu anaweza kuyashika kwa siku moja. Lililo gumu ni unga.

Mahindi na karanga zinazovunwa zikiwa na unyevu na kurundikwa bila kukaushwa vizuri huota kuvu jamii ya Aspergillus. Kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo nchini Tanzania imezoeleka kwa jina la sumukuvu. Haina ladha inayomtahadharisha mlaji, na unga wenye sumu hiyo unaweza kuonekana mweupe na safi. Inaharibu ini, na kwa binadamu inayetumia kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini. Jambo ambalo wapishi wengi hawalijui ni kwamba haiondoki kwa kupika. Moto wa ugali, wa uji au wa biskuti huua kuvu lakini huiacha sehemu kubwa ya sumu aliyokwisha kuitoa. Anayeoka kwa unga mbovu anapata biskuti nzuri yenye sumu ileile.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumu hii. Huacha kula, hutapika, macho na fizi hugeuka rangi ya manjano, na akizidiwa hufa katika siku chache. Karanga ni hatari ya pili. Mapishi mengi ya biskuti za mbwa yaliyotoka Marekani yanataka siagi ya karanga, na mpishi wa huku huenda kununua karanga za kusaga sokoni. Mara nyingi karanga zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi, ambazo hakuna mteja anayezichagua zikiwa nzima, ndizo zinazoishia kwenye mashine ya kusaga. Zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuzitambua.

Dalili ya mvua ni mawingu, na katika historia ya sumukuvu wanyama wamekuwa mawingu hayo zaidi ya mara moja. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Mwaka 1974, katika vijiji vya magharibi mwa India, watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi yaliyoota kuvu, na mbwa waliokula chakula cha familia hizo nao wakaugua na kufa.

Afrika Mashariki nayo iliona mawingu yake. Mwaka 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kutokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981, watu 20 walilazwa kutoka Machakos baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufariki 125. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako familia zilipoteza wapendwa wao, watoto wakiwamo.

Wala si balaa la nchi maskini pekee. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ya Midwestern Pet Foods ya Marekani ililazimika kuondoa sokoni chakula cha mbwa cha Sportmix. Kufikia Januari 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikuwa imepokea taarifa za mbwa zaidi ya 110 waliokufa na zaidi ya 210 waliougua, ingawa si kila kifo kilikuwa kimethibitishwa. Chanzo kilichotajwa kilikuwa aflatoksini. Tofauti ni kwamba kule palikuwa na mtu wa kupokea taarifa hizo, kuzijumlisha na kuagiza mzigo urudishwe. Katika nchi nyingi za ukanda huu mbwa akifa na macho ya manjano anafukiwa nyuma ya nyumba, na gunia alilolishwa linaendelea kutumika.

Miezi michache tu baada ya tukio hilo la Marekani, sumukuvu iligeuka kuwa ugomvi wa majirani. Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikisema vipimo vimeonyesha sumu iliyopita kiwango. Malori yalikwama mipakani, wafanyabiashara wakapata hasara, na maneno makali yakarushwa pande zote. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwamo la kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo.

Kiwango hicho hakikuwa kigeni. Ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na binadamu, ambacho pia kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Nchi wanachama ziliafikiana juu ya namba. Zilichokosa ni maabara za kutosha, vipimo vya haraka vinavyofika vijijini na kuaminiana kwa vyeti. Swali jingine halikupewa uzito wakati ule na halijapewa uzito unaostahili hadi leo: mahindi yakikataliwa, yanakwenda wapi?

Lori linalogeuzwa Namanga au Busia halitoweki. Gunia linalokataliwa na msagishaji mkubwa halimwagwi baharini. Kwa mazoea, nafaka isiyomfaa mtu hupewa mifugo, na ile isiyofaa hata kwa ng'ombe wa maziwa hupewa mbwa. Wengi huona huko ni kubana matumizi. Kwa kweli sumu inazunguka na kurudi mezani. Ng'ombe aliyelishwa pumba yenye aflatoksini huitoa sehemu yake kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto. Pumba yenye bei ya kutupa inaweza pia kuuzwa tena kama chakula na mtu ambaye hakuambiwa ilitoka wapi.

Wapo watakaosema kuwa ni aibu kujadili biskuti za mbwa wakati watu wanalala njaa. Hoja hiyo ina uzito, na ingeshinda kama mbwa angekuwa anakula kutoka ghala lake. Lakini anakula kutoka gunia la familia, tena lile la chini kabisa. Mlinzi wa usiku anayegawana ugali na mbwa wake langoni hana unga wa aina mbili. Kumjali mbwa huyo hakumnyimi mtu chakula. Ni namna ya kujua mapema kuwa chakula cha mtu kimeharibika. Wataalamu wanaita mtazamo huu Afya Moja, na mikutano kuhusu Afya Moja imekuwa mingi. Kinachohitajika ni kuushusha mtazamo huo hadi kwenye gunia.

Mwenye kuoka anaweza kuanza leo. Anunue mahindi yanayoonekana, ayachambue, aondoe punje zilizovunjika, zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida, ndipo akasage. Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini hupunguza sehemu kubwa. Asitunze kwenye unyevu, na asimpe mbwa kile alichokiondoa. Akiwa na shaka, aongeze viazi lishe na apunguze mahindi, au atumie mchele. Na kipimo rahisi kuliko vyote ni hiki: unga ambao hawezi kuukorogea uji wa mtoto wake, asiuokee biskuti ya mbwa.

Serikali zina kazi kubwa zaidi. Kwanza, nafaka iliyokataliwa, mpakani au kiwandani, iandikwe na ifuatiliwe hadi mwisho wake, iwe ni kuteketezwa au kutumika kwa kazi isiyo ya chakula, na nchi jirani ipewe taarifa. Pili, madaktari wa mifugo wawe na mahali pa kuripoti vifo vya mbwa na kuku vyenye dalili za ini kuharibika, na taarifa hizo zifike kwa wanaosimamia chakula cha binadamu, si wizara ya mifugo peke yake. Tatu, mkulima asaidiwe kabla mzigo haujafika barabarani: turubai za kukaushia, mifuko isiyopitisha hewa, na dawa za kibaiolojia kama Aflasafe, ambayo tayari imesajiliwa Kenya na Tanzania. Kumrudisha mkulima mpakani baada ya kuvuna ni kumwadhibu kwa kosa ambalo lingezuiwa shambani.

Hayo si mageni kwa makao makuu ya Jumuiya jijini Arusha, ambako namba za viwango zimeandikwa siku nyingi. Msimu ujao wa mavuno malori yatapanga foleni tena Namanga, Sirari na Busia, na baadhi yatakataliwa. Mawaziri wa kilimo wa nchi hizi wanapaswa kuwaeleza wananchi sasa, kabla ya foleni hiyo, mahindi yatakayokataliwa yatapelekwa wapi. Wasipoeleza, yataendelea kwenda yalikokuwa yakienda siku zote: kwenye bakuli la mbwa, kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa, na hatimaye kwenye sufuria ya nyumbani.