Siku Niliyokwenda Kula Baa na Baba Watoto

Najua wengine wenu mkisoma kichwa cha habari hii mtauliza kama nimeacha wokovu. La hasha. Someni kwanza.

Kwa miaka mingi mume wangu amekuwa akipitia katika baa ndogo ya mtaani kwetu hapa Nyanga kabla ya kufika nyumbani. Si mlevi. Hunywa bia moja, mara chache mbili. Lakini hula huko huko, na chakula nilichomwekea kwenye hotpoti hukikuta asubuhi kama nilivyokiacha. Ndizi zikilala mnajua zinavyokuwa. Nimenung'unika, nimenuna, nimeomba. Basi Jumamosi moja ya mwezi uliopita akaniambia, "Mama watoto, vaa gauni lako zuri, leo tukale wote."

"Wapi?"

"Pale pale unapopachukia."

Sikumjibu upesi. Mimi nimelelewa Buhaya katika nyumba ya waliookoka. Uamsho ulioingia kwetu kutoka Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930 uliwafanya wazee wetu wengi waache hata olubisi, ile pombe ya ndizi na mtama ambayo bila hiyo hakuna posa wala arusi. Halafu ukaja Ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu huu wa Kagera. Sisi tuliokuwa wasichana wakati ule tuliambiwa na mama zetu kwamba baa ni mlango wa kaburi, na kwa jinsi tulivyozika majirani, nani angebisha?

Hata hivyo nilikwenda. Kitambaa cha kichwa nilikivuta mpaka kwenye nyusi, kana kwamba katika mtaa huu kuna asiyeujua mwendo wangu.

Ndani hapakuwa na la ajabu. Viti vya plastiki, televisheni yenye mpira, harufu ya mkaa. Mmoja wa wanaume waliokuwamo ni mtu ninayemwona kila Jumapili akipitisha kapu la sadaka. Tulitazamana, kisha sote wawili tukatazama televisheni.

Akaja binti mhudumu, umri wa mwanangu wa kwanza. "Baba, kama kawaida? Sato wa kukaanga, bila pilipili?" Akanigeukia. "Na mgeni?"

Akina mama, pale moyo ulinichoma. Miaka 24 ninampikia samaki wa mchuzi mwingi na pilipili mbuzi, wala sijaambiwa hata siku moja kwamba hapendi. Halafu mimi ndiye mgeni! Nikamwambia binti, "Mgeni ni mke wake." Maskini, alipiga goti akaniamkia.

Alipoondoka nikamwuliza mwenzangu kwa nini hakuniambia. Akachezea kifuniko cha soda. "Tulipooana uliupika kwa furaha sana. Nikaona nitakuvunja moyo. Kisha miaka ikapita." Akanyamaza kidogo. "Lakini si pilipili inayonileta hapa. Nyumbani ukishanitengea unaondoka kwenda jikoni kula na watoto. Ninakula peke yangu kama mgonjwa wa wodini."

Mimi nilidhani hiyo ndiyo heshima! Mama alinifundisha kumtengea mume na kujitenga. Bibi yangu ndiye kabisa, kuku na mayai hakuvionja maana kwa mila zetu vilikuwa vya wanaume. Na huyu mwanamume kumbe alikuwa akilipia mtu wa kuzungumza naye.

Kulipia ni kulipia kweli. Sato wawili, ndizi, kachumbari na soda, shilingi 32,000. Nilimwambia kwamba kwa fedha hiyo sokoni ningelisha nyumba nzima siku tatu, nikazidisha na jioni zake zote za juma. Hapo yeye naye alitazama televisheni.

Nikaenda uani kunawa mikono. Kwenye jiko la mkaa, macho mekundu kwa moshi, alikuwa mama mmoja tuliyekuwa naye katika kikundi chetu cha wanawake. Ni mjane. Alipoacha kuja, tulisema amerudi nyuma, tukamwombea kwa kumtaja jina. Hakuna aliyekwenda kumwona, nami nikiwamo.

"Mlisema ninauza pombe," akaniambia, wala hakukasirika. "Mimi nakaanga samaki. Nina watoto watatu shuleni."

Sikuwa na neno. Nikamwuliza anamkaangaje. Akanieleza huku akigeuza: mchanje samaki mistari pande zote, chumvi na ndimu, mwache nusu saa, kisha mfute kwa kitambaa mpaka akauke, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta na kumbandua ngozi. Mafuta yawe ya moto hasa. Usimguse mpaka ashike rangi upande mmoja.

Sasa nakaanga hivyo, na tunakula meza moja, mimi, baba yao na watoto. Baba watoto bado huenda kule Jumatano na Jumamosi kwa ajili ya rafiki zake, na bado tunabishana juu ya hiyo Jumatano.

Yule mama nilimwomba arudi kwenye kikundi siku ya Alhamisi. Alisema atafikiri. Alhamisi hii iliyopita nilimwekea kiti karibu yangu, lakini hakuja.