Kabla Uulize Bei, Angalia Kwanza

Watu wangu, imeisha! Jumapili jioni nilikata uzi wa mwisho wa blanketi yangu ya viraka, nikaitandika kitandani, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikasimama tu nikiiangalia. Dakika 10 nzima. Hata simu sikushika, na mnanijua mimi na simu.

Ni viraka 168: 12 kwa upana, 14 kwa urefu, kila kimoja inchi 6 baada ya kushonwa. Juu viraka, katikati blanketi nyembamba ya zamani, chini shuka ya mitumba. Futi 6 kwa 7. Nilianza Januari kwa cherehani ya miguu, kila jioni nikitoka kazini, isipokuwa Ijumaa jua likizama. Hapa Kendu Bay tuko karibu na Gendia, ambako misheni ya Waadventista ilianza 1906. Ukishona Sabato, mtaa mzima utajua ni cherehani ya nani inalia.

Basi nikaweka picha. Komenti ya kwanza: "Bei?" Ya pili: "Unauza ngapi?" Ya tatu: "Mimi nina elfu mbili." Hakuna aliyeuliza kile kitambaa cha maua ya zambarau pale kwenye kona kimetoka wapi.

Wacha niwaambie. Ni gauni la dani. Alipofariki, nguo zake zilikaa kwenye sanduku, na hakuna aliyethubutu kuzivaa wala kuzitoa. Nilipomwambia mama nataka kuzikata, tulikosana. Alisema, "Nguo ya mama yangu haikatwi kama tambara." Wiki mbili hakutaka kusikia sauti ya makasi. Nikaanza na mabaki ya vitenge ambayo fundi mmoja sokoni alikuwa anatupa, nikasubiri. Siku moja nikirudi nyumbani, nikakuta lile gauni limekunjwa juu ya cherehani. Hakusema kitu. Na mimi sikuuliza.

Sasa mtu ananiuliza bei.

Sijidai, pesa nazihitaji. Kuna mtu amenitumia ujumbe ananipa 8,000. Kaka yangu anasema nimechanganyikiwa, na nikiwa mkweli, ana hoja. Cherehani ni ya shangazi na anaitaka mwezi ujao. Hiyo 8,000 ingenisogeza karibu na yangu mwenyewe. Usiku mmoja nililala nikiifikiria, nikiwa nimejifunika hiyo hiyo blanketi, mvua ikinyesha. Asubuhi nikajibu: asante sana, hii siuzi.

Shida yangu si kuulizwa bei. Shida ni kuulizwa bei kwanza. Sisi vijana tumezoea kwamba kitu kikiisha tu lazima kiingie sokoni. Ukioka keki, fungua biashara. Ukisuka vizuri, fungua saluni. Ukifanya hivyo kila mara, unaanza kuangalia kazi yako kwa macho ya mnunuzi, na mnunuzi kazi yake ni kutafuta kasoro ndio bei ishuke. Mimi mwenyewe nilitaka kuandika chini ya picha, "Samahani, mstari wa 9 umepinda." Kwani nani aliuliza? Nikafuta.

Na cha ajabu, sisi ni Wajaluo. Tuna pakruok! Mtu mzima anasimamisha muziki katikati ya ohangla, anatoa pesa, ndio apate nafasi ya kujisifu mbele ya watu, na ukumbi unashangilia. Yeye haambiwi anajiona. Lakini msichana akisema "nimeshona kitu kizuri" tunamkunjia uso. Mimi nasema hii ndiyo pakruok yangu: mimi mjukuu wa mwenye gauni la zambarau, niliyepanga viraka 168 bila kukimbia.

Nikitafuta mtandaoni namna ya kuzuia tabaka tatu zisihame, nilikutana na akina mama weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani. Walikuwa wanashona blanketi za viraka kwa nguo kuukuu za shamba ili watoto wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 blanketi hizo zikatundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, halafu New York, na watu wakapanga foleni kuziona. Ziliitwa sanaa siku hiyo, lakini zilikuwa nzuri tangu zikiwa kitandani. Hazikungoja mtu wa jiji azipe bei.

Kwa hivyo tuelewane. Oda nitachukua, kwa vitambaa vingine, na bei itahesabu jioni zangu zote, si uzi peke yake. Elfu mbili usiniletee. Lakini ukiona mtu amemaliza kitu kwa mikono yake, iwe kikapu, iwe kiti, iwe shamba dogo la sukuma, angalia kwanza. Sema ni kizuri kama ni kizuri. Uliza amekifanyaje. Bei itakuja yenyewe kama ipo.

Jana mama aliingia chumbani, akapitisha mkono polepole mpaka akafika kwenye ile kona. Akaguna kidogo. "Nyara, hii alivaa kwa harusi yangu." Sikuwa nalijua hilo.

Sasa nyinyi: mmemaliza kutengeneza nini mwaka huu ambacho hamjawahi kujisifia? Leteni picha. Bei sitauliza.