Wanagenzi wa reli waanze kazi kabla ya treni kufika

Tarehe 16 Agosti 2025, huko Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, Rais Évariste Ndayishimiye na Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, walizindua ujenzi wa reli itakayotoka Uvinza, nchini Tanzania, hadi Musongati. Ni kilomita 282, na mkataba wake, waliopewa Wachina, unazidi dola bilioni 2. Kwa nchi ambayo haijawahi kuwa na reli, faida zake zimekwisha kuhesabiwa mara nyingi: nikeli ya Musongati, njia fupi ya kwenda bandari ya Dar es Salaam, na baadaye Gitega, Bujumbura na Kongo. Kinachozungumzwa kidogo ni nani atakayeitunza. Hoja yangu ni kwamba kijana wa Burundi anayetaka kuwa fundi wa reli auanze mwaka wake wa kwanza wa uanagenzi sasa, udongo ukiwa bado unachimbwa. Tukisubiri treni ipige honi, tutakuwa tumepoteza darasa lisilorudi.

Mwaka wa kwanza wa mwanagenzi wa reli hauna fahari kubwa. Hakabidhiwi kichwa cha treni wala chumba cha kuongozea safari. Anaanza na usalama: nani anatoa ruhusa ya kuingia njiani, kwa nini hasogelei nyaya za umeme wa volti 25,000, na kwa nini treni ya kilomita 160 kwa saa, inayopita zaidi ya mita 40 kila sekunde, haimpi mtu nafasi ya kufikiri mara mbili. Kisha anashuka kwenye njia yenyewe. Anapima upana kati ya reli mbili, milimita 1,435, anajifunza hali ya mataruma, kokoto na mitaro ya maji, na anatembea nyuma ya fundi mkongwe anayemwonyesha ufa ambao macho yake bado hayauoni. Katika nchi ya milima na mvua kama Burundi, sehemu kubwa ya maarifa hayo imefichwa ardhini: tuta lilishindiliwaje, kalavati liliwekwa wapi, mlima ulikatwa kwa mteremko gani. Aliyeyaona hayo wakati wa ujenzi atajua aanzie wapi tuta litakapotitia miaka kumi baadaye. Asiyeyaona atategemea michoro peke yake, tena michoro ya lugha ya aliyejenga.

Historia ya ukanda wetu inaliunga mkono jambo hili. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Chuo cha mafunzo ya reli cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1956, zaidi ya nusu karne baadaye, na kwa muda wote huo Mwafrika aliachiwa kazi za chini. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilifuata njia nyingine: maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa China, na wakati huohuo vijana wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea reli. Kuna mfano wa karibu zaidi pia. Reli ya umeme ya Addis Ababa hadi Djibouti ilianza biashara Januari 2018 ikiendeshwa na kampuni za China, na Waethiopia na Wadjibouti wakakabidhiwa mwezi Mei 2024. Atakayesema kwamba TAZARA hata hivyo ilidhoofika anasema kweli. Lakini ilikosa mtaji, vichwa vya treni na usimamizi imara, na imeendelea kutembea kwa sababu mafundi wake walikuwapo. Ufundi peke yake hautoshi kuiokoa reli, ila bila ufundi hakuna cha kuokoa.

Vijana wa kuanza nao wapo, na Ngagara ni mahali pazuri pa kuwatafuta. Mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura ulijengwa katika miaka ya 1950 kuwa makazi ya wafanyakazi wa Kiafrika, na uko jirani na eneo la viwanda. Kijana wa hapa hukua akisikia Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Kiswahili hicho ni mtaji mkubwa, kwa maana ndicho lugha ya kazi kuanzia Kigoma hadi Tabora, ambako Shirika la Reli Tanzania lina chuo chake cha reli. Pengo liko kwenye Kiingereza cha kiufundi, ambacho ni lazima kifundishwe tangu mwezi wa kwanza.

Wapo watakaosema mkandarasi atawafundisha mwenyewe. Mkandarasi hufundisha kile anachokihitaji wiki hii: kubeba, kuchimba, kuendesha lori. Uanagenzi unataka mpango wa miaka, msimamizi, mtihani na cheti kinachotambulika katika Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Wengine watasema nchi inayopanga foleni za mafuta haina fedha za anasa hiyo. Lakini asilimia moja tu ya dola bilioni 2 ni dola milioni 20, na mafunzo ya miaka ya mwanzo hayahitaji hata hizo zote. Pingamizi zito zaidi ni la tatu: reli ikichelewa, vijana hawa watafanya nini? Jibu ni kuanza na kundi dogo na kulipeleka palipo na treni tayari. Reli mpya ya Tanzania inabeba abiria tangu Juni 2024, na reli ya zamani ya Kigoma bado inahitaji mikono. Tena anayejua kuchomelea, kupima ardhi na kufunga umeme hawezi kukosa kazi Bujumbura.

Kwa hiyo serikali itangaze hadharani nafasi ngapi za uanagenzi zimo katika mkataba huu, na kama hazimo, izidai sasa. Ikubaliane na Tanzania kuhusu nafasi za Warundi katika chuo cha Tabora. Itoe posho ya chakula na nauli, kwa sababu mtoto wa maskini hawezi kujifunza kwa njaa, na itenge nafasi za wasichana tangu kundi la kwanza. Wazazi nao waache kuiona kazi ya mikono kama adhabu ya aliyefeli shule, maana mhandisi na fundi wa reli wote huanzia palepale, juu ya kokoto. Tukifanya hivyo mapema, treni ya kwanza itawakuta mafundi Warundi wenye uzoefu. Tukichelewa, tutawalipa wageni kwa fedha za kigeni tusizo nazo, kwa kazi ambayo watoto wetu wangeiweza.